Namna ya Kuupima Waraka wa Wazazi wa Mtoto Mchanga

Imekuwa ada katika zama hizi kwamba waraka wowote unaopelekewa wazazi wa mtoto mchanga, maadamu umechapwa juu ya karatasi ing'aayo na kupambwa kwa picha ya kitoto kinene kinachocheka, husifiwa na wenye vyeo kana kwamba uzuri wa wajihi ndio uzuri wa kazi. Nami, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu nikisahihisha nyaraka za namna hiyo kabla hazijakwenda mtamboni, nimeona majuzi mmoja ukitunukiwa cheti mbele ya hadhara, na waliokuwa wakiutunuku wakipokezana mkono kwa mkono pasipo hata mmoja wao kuufungua. Mtoto wa picha ile, kwa insafu, alikuwa wa miezi minane na meno mawili. Waraka ulikuwa wa wiki ya pili.

Mambo madogo nitayapita upesi, kwani kila mwenye macho huyaona. Waraka mzuri una kurasa nne. Wa tano ni kiburi. Hauna alama za mshangao, wala haumwiti msomaji "mama mpendwa", kwa kuwa asiyemjua mtu hana haki ya kujidai kumpenda. Herufi zake husomeka kwa taa ya usiku na karatasi yake hukunjika kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika mtoto. Hausemi "wataalamu wanasema" pasipo kusema ni wataalamu gani. Na mambo ya hatari huwekwa peke yake, juu, bila mapambo: mtoto aliyeacha kunyonya, aliyepata homa au aliyepoa mwili, anayepumua mbio na kuvuta mbavu, aliyeshikwa na degedege, apelekwe hospitali sasa hivi; mwandishi anayeyatia haya katika ibara moja na vipele vya joto hastahili kupewa kalamu.

Walakin dalili kuu, ile ambayo asiye fundi huipita kila mara hata ukimwekea kidole juu yake, ni kujua waraka unahesabu siku kwa kalenda ya nani. Waraka mbaya huhesabu kwa kalenda ya ofisi: ni toleo la Machi, kisha la Aprili, nao hupelekwa kwa wote sawasawa, hata mama wa siku tano na mama wa miezi mitano wakasoma habari moja ya uji, huyu kabla ya wakati wake kwa miezi na yule akidhani amechelewa. Waraka mzuri huanza kuhesabu siku aliyozaliwa mtoto yule mmoja, katika nyumba ile moja, na kila barua humfikia mzazi kidogo tu kabla ya jambo lenyewe kutokea.

Mtu asiyepata kulea mtoto katika mwezi wake wa kwanza atadhani huu ni ushaufu. Nimwambie basi kwamba dang'a ni ya siku chache, na maziwa yenyewe hujaa aghalabu baina ya siku ya pili na ya tano, na barua inayolisema hilo siku ya kumi imemkuta mama amekwisha kuambiwa na majirani kwamba hana maziwa. Manjano yakionekana katika saa 24 za mwanzo ni jambo la kukimbiza hospitali. Yakianza siku ya tatu kwa mtoto anayenyonya barabara, aghalabu ni ya kawaida ingawa hutazamwa. Yakipita wiki mbili hurudi kuwa shauri la tabibu: rangi ile ile, hukumu tatu, na tafauti yake ni tarehe tu. Kadhalika machozi ya mama yanayomjia siku ya tatu au ya nne bila sababu anayoijua hupita yenyewe, ilhali huzuni iliyokaa zaidi ya wiki mbili huhitaji msaada. Na kilio cha mtoto, ambacho huongezeka kila wiki hata kikafika kilele karibu na wiki ya sita kisha kikaanza kutulia, kikielezwa wiki ya tano humpa mzazi subira, kikielezwa wiki ya kumi kinamkuta keshamaliza chupa mbili za dawa ya mchango.

Mkunga mmoja mkongwe wa Pangani, ambaye nilizoea kumsomea rasimu zangu barazani kwake, hakunisikiliza hata siku moja kabla hajauliza, "Mwanangu, mtoto huyo ana siku ngapi?" Nikijibu kwamba ni maneno ya watoto wote, alirudi kwenye ukili wake akaniacha nikiusomea ukuta.

Mabingwa wa sanaa hii walilijua jambo hilo zamani. Loyd Rowland, katika mji wa New Orleans, alianza mwaka 1947 kuwapelekea wazazi wa kifungua mimba barua zilizosemwa kwa kinywa cha ndege mwari aitwaye Pierre, na ingawa mimi sipendi ndege wanaosema, nakiri kwamba mwari yule alijua umri wa mtoto aliyekuwa akimzungumzia. David Morley naye, huko Ilesha nchini Nigeria, alitengeneza kadi ya kupimia makuzi ambayo mama huenda nayo nyumbani, na ambayo safu yake ya miezi huanza kwa mwezi aliozaliwa mtoto mwenyewe, si kwa Januari. Kila mwenye kadi ya kliniki leo anashika mkononi mwake fikira ile, na wengi wa wanaotunuku vyeti wameishika bila kuiona.

Kisha pana daraja ya ustadi iliyo juu zaidi, na hapa ndipo ninapowatenga mafundi na wanagenzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ana hesabu mbili. Chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hufuata siku aliyozaliwa, wala hazingojei. Bali tabasamu lake la kwanza, kukaza shingo kwake, na kukaa kwake hufuata siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Waraka unaomwambia mama wa mtoto aliyetangulia kwa wiki nane kwamba mwanawe katika wiki ya saba huwa ameanza kumtabasamia umemtia hofu ya bure, na waraka unaomwahirishia chanjo kwa sababu mtoto ni njiti umemtia hatarini kwa hakika. Mwandishi mwema humwuliza mzazi mambo mawili tangu fomu ya kwanza: alizaliwa lini, na mimba ilikuwa na wiki ngapi. Fomu isiyo na swali la pili, mimi sihitaji kuuona waraka.

Wadanganyifu hawakosekani. Bwana mmoja alijisifu kwangu kwamba nyaraka zake zafuata umri. Nikamwomba nakala ya wiki ya tatu na ya wiki ya tisa, nikaona zimetafautiana vichwa tu. Mwingine alinakili kutoka Ulaya kwa bidii kubwa hata akawausia wazazi wa Tanga, katika Januari yao ile tunayoijua, kumfunika mtoto sufu asije akaguswa na theluji.

Mbaya kuliko hao ni mwenye kuuza maziwa ya kopo. Cicely Williams, daktari, alisimama Singapore mwaka 1939 akasema kwamba vifo vya watoto vilivyotokana na mafunzo ya kuwapoteza mama katika kuwalisha vihesabiwe kuwa mauaji, na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118, Marekani peke yake ikipinga; lakini hila haikufa, ilibadili vazi tu. Usitafute tangazo katika waraka wake, hulioni. Tafuta mstari mpole unaoanza "iwapo maziwa yako hayatoshi", uliowekwa kabla mama hajafundishwa namna ya kujua kama yanatosha, na ratiba ya kunyonyesha kila baada ya saa nne, ambayo kwa mtoto wa siku saba ndiyo njia ya hakika ya kuyafanya yasitoshe.

Zamani, tulipochapa kwa stensili na wino ukatuganda vidoleni, nyaraka zilikuwa bora, wala sioni haja ya kuleta ithibati. Karatasi ilikuwa ghali, basi kila neno lililipiwa. Tuliandika tukijua kwamba barua itasomwa kwa sauti, na bibi mzaa baba akiwa kitandani pembeni, naye ndiye kadhi wa mambo ya mtoto katika nyumba nyingi. Kwa hiyo tulimpa heshima yake, tukamsalimu kwanza, tukasifu mkono wake wa kukanda na kuosha, ndipo tukamwomba asipake kitu kitovuni ila kile kilichotolewa na kliniki. Waraka usiojua kwamba bibi anasikiliza ni waraka uliokwisha kushindwa. Sikatai kwamba vijana nao wana mema yao: ujumbe wa simu wa Wazazi Nipendeni, ulioanza Tanzania mwaka 2012, ulikwenda kwa wiki za mimba na umri wa mtoto, tena bure, katika mistari ambayo haikuwa na nafasi ya kujigamba. Ufupi uliwaponya.

Na liko jambo moja ambalo sijapata kuliona likitajwa na mwamuzi yeyote. Ofisi moja niliyoifanyia kazi, jina lake tuliache, ilipeleka barua ya mwezi wa tatu, yenye pongezi na habari za kicheko, kwa nyumba iliyokuwa imemzika mtoto wake katika wiki ya pili. Baba alikuja kwa miguu kuirejesha. Hakugombana na mtu. Aliiweka mezani kwa karani, akaomba zilizobaki zisije. Tangu siku ile karani mkuu, mtu mkali ambaye sikumpenda, alikuwa akituma watu kila Jumatatu kuuliza habari wodini na kwa wakunga wa mitaa, akifuta majina kwa rula na wino mwekundu, na aliagiza ichapwe nyuma ya kila waraka namna ya kuusimamisha, kwa neno moja, pasipo kuulizwa sababu. Ndiyo maana waraka mgeni ukinijia huanza kuusoma kwa nyuma, penye anwani na herufi ndogo. Nikikosa pale njia ya kumwambia mwandishi anyamaze, siendi ukurasa wa kwanza.