Tuta Lililohamia Uani

Mabanzi huuzwa rahisi, maana wengi huyanunua kuwa kuni. Ni mabaki ya gogo pale msumeno unapolichonga kuwa mbao: upande mmoja bapa, upande wa pili bado una magome. Tabora, mji uliozungukwa na miombo, hayakosekani. Anayetaka bustani ya mboga kwenye ua uliosakafiwa kwa saruji, iwe mtaa wa Isevya au wa Ng'ambo, huanzia hapo.

Lakini huchagua. Banzi hutoka ubavuni mwa gogo, na huko ndiko maji yalikopita mti ulipokuwa hai: mbao nyeupe, laini, chakula cha mchwa. Katika mninga, mchwa huukwepa moyo wa kahawia. Kwa hiyo mjenzi anayeijua kazi hupindua banzi moja moja, akitafuta lenye mkanda mpana wa kahawia, na yale meupe matupu huwaachia wapishi. Kabla ya kugongelea, huigonga ncha ya msumari kwa nyundo mpaka ibutuke kidogo, kwa kuwa ncha kali huipasua mbao kavu. Wako wanaopaka oili chafu ya gari kuwafukuza mchwa. Kwa nguzo za uzio, haya. Kwa sanduku litakalootesha mchicha wa watoto, haifai kabisa.

Kinga iliyo bora ni tofali. Sanduku la mita 2 kwa mita 1, lenye kina cha sentimita 30, hukalishwa juu ya safu tatu za matofali ya kuchoma, mbili kingoni na moja katikati. Mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge njia yake ya udongo ubavuni mwa tofali, mahali panapoonekana, na kidole kimoja huibomoa. Maji ya ziada nayo hutoka chini bila kutuama. Upana wa mita 1 una sababu yake: mkono wa mtu mzima hufika katikati kutoka kila upande, hivyo hakuna anayelazimika kukanyaga udongo.

Sanduku hilo humeza lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Udongo wa ujazo huo ukishiba maji huweza kukaribia tani moja. Wa ghorofani amwulize kwanza fundi aliyemwaga zege.

Kinachotiwa ndani ndicho chenye historia ndefu. Kwa vizazi vingi Wanyamwezi wamelima kwa matuta, na tuta lao si udongo uliorundikwa tu. Mvua za Novemba zikikaribia, nyasi na mabua ya msimu uliopita huburutwa hadi kwenye mfereji ulio kati ya matuta mawili. Kisha tuta la zamani hupasuliwa kwa jembe, na udongo wake huzifunika nyasi zile. Palipokuwa mfereji pamekuwa tuta, palipokuwa tuta pamekuwa mfereji, na mwakani mambo hugeuka tena. Katika nchi yenye udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi, mahindi na viazi vitamu hupata cha kula kutoka chini, katika majani yanayooza gizani. Huo ni ufundi mkubwa, na unastahili kusifiwa zaidi kuliko unavyosifiwa.

Uani kazi ni ileile. Sakafu ya sanduku hutandikwa sandarusi iliyotobolewa, juu yake mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, kisha samadi, kisha udongo. Kwenye samadi ndipo wengi huharibu. Samadi mbichi huunguza mizizi, na anayeijua huchomeka mkono katikati ya lundo hadi kwenye kiwiko: pakiwa bado na joto, hungoja. Ikipoa, ikawa nyeusi na kunuka kama msitu baada ya mvua, inafaa.

Mji huu umezoea kungoja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wenye nyumba kubwa, na Burton aliandika kwamba bustani zao zilikuwa pana na zimepandwa vizuri. Misafara ilikaa hapa wiki, hata miezi, ikisubiri wapagazi, vitambaa, au habari za vita. Mmisionari Livingstone alikaa kwenye tembe la Kwihara, karibu na mji, tangu Machi hadi Agosti 1872 akiwangoja watu ambao mwanahabari Stanley angewatuma kutoka pwani. Mwenye haraka hapandi mboga; ila anayejua kwamba atakuwepo mwezi ujao humwaga mbegu, na mchicha huchumwa ndani ya wiki nne.

Sanduku lililoinuliwa lina kasoro yake, tena kubwa kwa Tabora. Hukauka upesi, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni kama haipo. Dawa nzuri ilienea Kibera, Nairobi, kwenye mboga za magunia: katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya mawe, na maji yanayomiminwa hapo hushuka hadi mizizi ya chini. Kuijenga nguzo hiyo, hutumika kopo lisilo na kitako. Hujazwa mawe, udongo huzungushiwa pembeni, kopo huvutwa juu kidogo, hujazwa tena. Nguzo mbili za namna hiyo hulitosha sanduku. Juu hutandazwa nyasi kavu, na maji ya kuoshea mchele humalizikia hapo jioni.

Baada ya msimu mmoja udongo huwa umeshuka vidole vinne. Mabua ya chini yameliwa, hayaonekani tena. Banzi la mbele limelegea msumari. Hugongwa upya, ndoo tatu za samadi iliyopoa huongezwa, na mbegu za mchicha, zikiwa zimechanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, hunyunyizwa katika mistari minne.