Wajumbe Sita wa Kusadikika

Kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, huitwa riwaya. Mimi hukisoma kama mkusanyo wa hadithi fupi sita zilizofungwa pamoja kwa kamba ya kesi moja. Nchi yenyewe imo angani. Karama anashtakiwa na Majivuno, waziri mkuu, kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia. Wajumbe sita walitumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatiwa kifungoni.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba hadithi hizo zinafanana mno. Ukiisha kusoma ya Buruhani, wasema, umekwisha kujua yatakayompata Amini. Ni kweli, tena wajumbe hao ni sifa njema zilizovikwa kanzu kuliko kuwa binadamu. Lakini hapa tumo mahakamani, msomaji mpenzi. Shahidi mmoja huweza kuitwa mwongo. Wa sita akisema lile lile, anayeshtakiwa si Karama tena, bali ni wale wanaomhukumu. Marudio hayo ndiyo ushahidi.

Ninachokitilia shaka ni mwisho. Mfalme analainika, anamwachia Karama na kuwafungua wajumbe. Tunafurahi, naam. Lakini aliyefungua mlango ni yule yule aliyekuwa na ufunguo tangu mwanzo, na ufunguo umebaki mkononi mwake. Haki imetolewa kama sadaka.

Sisi wa Elerai hatuwezi kuusoma mwisho huo kwa utulivu. Jiji letu la Arusha ndilo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko la kuwaruhusu watu binafsi na baadhi ya asasi kuishtaki serikali huko moja kwa moja. Novemba 2019 ikaliondoa. Kilichotolewa kwa hiari kilichukuliwa kwa hiari.

Kwa hiyo, kijana akiniuliza kama kitabu hiki kimezeeka, humjibu asome kwanza. Hadithi sita za Karama azisadiki. Ile ya saba, ya msamaha wa mfalme, aibishie.