Toleo Thabiti Si Toleo Lisilo na Kasoro

Nilipopita Makambako, mtumishi mmoja mwenye dhamana ya kompyuta za ofisi yake alinionyesha waraka uliofasiriwa kwa Kiswahili. Ulimwagiza atumie "toleo thabiti" la programu, na mfasiri aliongeza ufafanuzi: "yaani toleo imara, lisilo na kasoro." Ndugu huyo alitii. Kisha kila masahihisho yalipotolewa, aliyaacha. Kitu kisicho na kasoro, aliniuliza, husahihishwa nini? Mwaka mzima ukapita hivyo. Hakukosea yeye, alikoseshwa na ufafanuzi.

Katika uendeshaji wa programu huria, ambazo hutungwa na maelfu ya watu walio nchi mbalimbali, neno hilo halisifu ubora. Lataja ahadi: kwamba toleo likishatolewa, mwenendo wake hautabadilishwa, na kitakachoingizwa ni masahihisho tu. Tuchukue kiini cha Linux, ambacho kimo hata ndani ya simu za Android. Linus Torvalds hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Tangu Machi 2005 matoleo hayo yana walezi wao, Greg Kroah-Hartman akiwa miongoni mwa waanzilishi, na sehemu kubwa ya ulezi huo ni kukataa. Sahihisho halipokelewi mpaka liwe limekwisha kuingia katika shina analolitunza Torvalds, asije mtumiaji akahamia toleo lijalo na kukuta hitilafu iliyoponywa jana imerudi. Lisizidi mistari 100. Liponye hitilafu ya kweli, tena moja. Hata kurekebisha tahajia peke yake hakukubaliwi, sharti ambalo sisi wasomaji wa jarida hili tutalimeza kwa shida.

Jambo hili lina uzito mkoani Njombe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichopita mikoa yote ya Tanzania Bara. Takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya, vya Njombe na Makambako vikiwamo, huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mtunza takwimu aliyekwisha kuzoea ukurasa wa kujazia hapaswi kukuta safu zimehamishwa katikati ya mwezi. Wala msimamizi wa seva hapaswi kuacha tundu la usalama wazi kwa kuwa ameambiwa toleo lake ni imara. Istilahi yetu haina budi kuyabeba yote mawili.

Neno thabiti lenyewe silikatai. Asili yake ya Kiarabu ni kukaa mahali pasipo kuhama, na mwenye msimamo thabiti si mtu asiyekosea, bali ni mtu asiyeyumba. Kosa ni kulifanya pacha wa imara na madhubuti, maneno yanayosifu nguvu. Seremala wa Njombe aijua tofauti hii bila kamusi: ubao uliokauka haupindi tena, lakini waweza kuwa na fundo. (Kiraka nacho sikipendi. Kiraka hushonwa juu ya tundu na nguo mbovu ikabaki chini, ilhali katika programu mistari yenye makosa huondolewa.)

Upungufu mkubwa zaidi umo katika neno toleo. Wafasiri huiita 2.41 ya DHIS2 toleo, na 2.41.1 huiita toleo vilevile; msomaji atajuaje ipi inabadilisha mwenendo na ipi inaponya tu? Wachapaji wa vitabu walikwisha kuitatua shida hii. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na ile ya 2004 ni toleo la pili, kwa kuwa yaliyomo yalipanuliwa na kurekebishwa. Kitabu kinapopigwa tena na makosa machache ya uchapaji kuondolewa, hatusemi toleo, twasema chapa. Napendekeza basi kwamba 2.41 iitwe toleo, na 2.41.1 iitwe chapa ya toleo hilo.

Watakuwapo watakaosema kuwa chapa ni mambo ya karatasi. Toleo nalo lilitoka huko huko. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chapa hutumika pia kwa alama ya biashara. Hata hivyo, ikiandamana na tarakimu, sioni atakayepotea.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia ndugu yule agizo kwa maneno haya: "Tumia toleo thabiti ulilopewa, weka kila chapa yake mpya inapotolewa, usihamie toleo jingine mpaka uagizwe." Alilisoma mara moja, akawasha kompyuta, akauliza chapa ya sasa ni ya ngapi.