Dakika 360 bila kufungwa: Junior Starlets walivyofuzu, na mpaka unaowatenga wasichana wa Kitale na Bungoma

Juni 16, 2024, katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, Junior Starlets, wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17, waliifunga Burundi 2-0. Wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya umri wowote, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Siku zile zilizungumziwa sana nyavu zilizotikiswa na washambuliaji waliozitikisa. Uchambuzi huu unaanzia langoni kwetu. Addis Ababa, Ethiopia 0, Kenya 0. Nairobi, Kenya 3, Ethiopia 0. Kisha Burundi 0, Kenya 3, na mwisho Kenya 2, Burundi 0. Katika raundi hizo mbili za mwisho Kenya ilicheza mechi nne, dakika 360, ikafunga mabao manane na haikufungwa hata moja.

Kwa timu ya umri huo, kutofungwa ni kazi ngumu kuliko kufunga. Timu ya watu wazima ikipachikwa bao dakika ya kumi hurudi kwenye mpango wake na kuendelea. Wasichana wa miaka 15 na 16 wakifungwa mapema hutaka kulirudisha bao papo hapo. Viungo wanapanda wote, mbele ya mabeki wa kati panabaki uwazi, na bao la pili linapitia mlango uleule. Kocha Mildred Cheche alikipeleka kikosi chake Addis Ababa, Mei 2024, kikarudi na sare tasa ambayo hadi leo naona haijapewa heshima yake. Baada ya sare ile, mechi ya Nairobi ilianza bila deni. Nahodha Elizabeth Ochaka na wenzake hawakuwa na bao la kufukuzia, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuvunja mpangilio wao. Timu isiyofukuzia bao husubiri mpinzani akosee, na mabao matatu ya Nairobi yalikuja katika hali hiyo ya utulivu.

Jiografia nayo ilichangia. Addis Ababa iko mita 2,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Mpira mrefu husafiri haraka na kuchelewa kushuka. Beki aliyezoea hewa nzito huruka mapema, mpira unampita kichwani, mshambuliaji anabaki na kipa. Mapafu nayo huchelewa kurudi baada ya mbio ndefu, na beki wa pembeni aliyepanda mara mbili mfululizo hawezi kurudi mara ya tatu. Kwa msichana aliyelelewa Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, tofauti hiyo ipo lakini haimshtui. Hata wa Bungoma, kwenye mita 1,400, ameshazoea kiasi. Sehemu kubwa ya soka ya wasichana wa Kenya inatoka nyanda hizi za magharibi na Bonde la Ufa, na kambi za taifa huwa Nairobi, ambako ni juu vilevile.

Jambo lililofuata sijaona likitajwa. Mechi ya kwanza dhidi ya Burundi, ambayo kwa ratiba ilikuwa ya Burundi nyumbani, ilichezwa Addis Ababa mnamo Juni. Kwa Kenya hiyo ilikuwa safari ya pili katika mji huo ndani ya wiki chache. Walishajua jinsi mpira unavyoruka pale na pumzi inavyokatika. Burundi ndiyo iliyokuwa mgeni nyumbani kwake, kwa maana Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800. Sisemi kwamba mwinuko ndio uliofunga mabao matatu. Ninachosema ni kwamba mechi ambayo kwenye karatasi ilikuwa ngumu kuliko zote, ya ugenini katika raundi ya mwisho, ilichezwa mahali palipoifaa Kenya zaidi kuliko mwenyeji. Jambo la namna hiyo halipangwi na kocha, wala haliji kila mwaka.

Kalenda ya shule nayo ilisaidia. Mwaka huo mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13. Kwa kawaida kambi ya timu ya wasichana huvutwa huku na huku. Mwalimu mkuu anamtaka mtoto darasani, mzazi anauliza karo na mitihani, na kocha anapata wachezaji nusu siku chache kabla ya mechi. Ngome haijengwi kwa namna hiyo. Mshambuliaji mwenye kipaji anaweza kushuka kwenye basi na kufunga siku hiyohiyo, lakini mabeki wanne hawawezi kupanga mstari wa ofsaidi bila kusikilizana kwa majuma. Nani anapiga hatua ya kwanza mbele, nani anabaki nyuma, kipa anapaza sauti lini, hayo hujengwa kwa kurudiarudia. Naamini majuma yale ambayo shule zilikuwa bado zimefungwa yalikuwa na thamani kuliko mechi yoyote ya kirafiki.

Ubora wa kukaba, hata hivyo, wasichana hawa hawakuupatia kambini. Waliingia nao kutoka shuleni. Michezo ya shule za upili nchini hupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, hadi Afrika Mashariki katika mashindano ya FEASSSA. Katika ngazi ya taifa mabingwa wa kanda nane hukutana, na atakayechukua kombe hucheza takriban mechi tano ndani ya wiki moja. Msichana wa Kidato cha Pili alikuwa akikabiliana na wa Kidato cha Nne aliyemzidi mwili na miaka miwili au mitatu. Viwanja vingi vina mashimo, mpira unadunda vibaya, na salama ni kuuondoa mbali. Katika mazingira hayo beki hujifunza kusimama imara ana kwa ana, kuwahi mpira unaodondoka baada ya kugombewa juu, na kuvumilia uchovu wa mechi ya nne bila kulegea. Wiyeta, shule ya Trans Nzoia ambayo jina lake linajulikana kila pembe ya michezo ya shule, ilijenga sifa yake kwa wasichana wa aina hiyo.

Upungufu wa malezi hayo ulionekana ng'ambo. Kwenye Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, Oktoba 2024, Kenya ilifungwa 2-0 na Uingereza, ikafungwa 3-0 na Korea Kaskazini, kisha ikaifunga Meksiko 2-1, ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia lolote la FIFA. Ngome iliyokaa dakika 360 bila kufungwa ilipitwa mara sita katika mechi tatu. Jibu rahisi ni kwamba wapinzani walikuwa wakali, na ni kweli, kwani Korea Kaskazini ndiyo iliyotwaa kombe, na mwezi mmoja kabla ilikuwa imetwaa lile la wasichana wa chini ya miaka 20. Lakini tazama pia mahali. Santo Domingo iko baharini, na Santiago haifiki mita 200. Hewa ni nzito, joto lina unyevu, mpira hauruki kama Addis. Faida ya nyanda za juu ilitoweka, na pakabaki ufundi wa kutunza mpira.

Ufundi huo uwanja wenye mashimo haufundishi. Kiungo anayepokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo lango la mpinzani, huku wawili wakimjia, anahitaji mguso wa kwanza wa uhakika na macho yaliyoshatazama nyuma kabla mpira haujafika. Asipokuwa nao huurudisha kwa beki, beki anaubutua, mpira unarudi baada ya sekunde tano, na ngome inaanza kukaba upya. Ukikaba hivyo kipindi kizima utafungwa, hata uwe imara kiasi gani. Kwa hiyo naiona ngome ya Kenya kama kazi iliyofanywa vizuri lakini iliyoachiwa mzigo wa viungo. Mabao mawili dhidi ya Meksiko yalionyesha kwamba wasichana hawa wana uwezo wa kwenda mbele.

Na sasa muda umefupishwa. Tangu 2025 Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 linafanyika kila mwaka, na timu zimeongezwa kutoka 16 hadi 24. Zamani kocha alikuwa na miaka miwili ya kuandaa kizazi. Leo kila mwaka ni kizazi kingine, kwa sababu aliyekuwa na miaka 17 mwaka jana ameshavuka umri. Morocco iliandaa mashindano ya 2025, na Afrika ikawakilishwa na Cameroon, Côte d'Ivoire, Nigeria, Zambia na mwenyeji. Kenya haikuwepo. Mwinuko wa Addis, kalenda ya mafuriko na kizazi kimoja chenye vipaji vilitosha kutupeleka mara moja. Kwenda kila mwaka kunadai mashindano ya kila mwaka.

Ukanda wa CECAFA, wa soka ya Afrika Mashariki na Kati, ungeweza kuyatoa. Desemba 2019 wasichana wa chini ya miaka 17 walikutana katika kituo cha ufundi cha Njeru, Uganda, na wenyeji wakawa mabingwa. Mwaka 2021, palepale Njeru, ikawa zamu ya chini ya miaka 20, na Ethiopia ikachukua kombe kwa mfumo wa ligi, kila timu ikicheza na zote. Mfumo huo una thamani ya pekee kwa vijana. Ukifungwa leo, kesho kutwa una mechi nyingine, na kocha anaweza kumpa kipa wa pili nafasi, kumjaribu winga kama beki wa pembeni, au kumwacha kiungo apoteze mpira mara kumi ili ajifunze kuutunza. Mchujo wa nyumbani na ugenini hauruhusu majaribio hayo, maana kosa moja linakurudisha nyumbani hadi mwaka ujao. Tatizo la mashindano ya Njeru ni kwamba mwaka huu yapo, mwaka ujao hayapo, na umri unabadilika kila yanaporudi. Msichana wa Kimilili, Bungoma, mwenye miaka 14 hawezi kuambiwa ni mashindano gani anayoyafanyia mazoezi.

Watanzania walipata njia nyingine. Timu yao ya chini ya miaka 17, chini ya Bakari Shime, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, ikiifunga Ufaransa 2-1 njiani. Miezi michache baadaye shule moja, Fountain Gate ya Dodoma, ikawa bingwa wa Afrika wa shule za wasichana mjini Durban, Aprili 2023. Kukusanya wasichana katika shule moja yenye makocha na uwanja wa kudumu ndiko kulikowapa muda wa kufundisha viungo kile ambacho mashindano ya wiki moja hayafundishi.

Kwetu muda huo unapotea kwa sababu ambayo ukiwa Nairobi huioni. Ukitoka Kitale kwa matatu, ukapita Kiminini na kufika Kamukuywa, umeshavuka kutoka Trans Nzoia kuingia Bungoma. Mahindi ni yaleyale, na Mlima Elgon uko upande uleule. Lakini katika michezo ya shule umevuka kutoka Kanda ya Bonde la Ufa kuingia Kanda ya Magharibi. Timu ya Trans Nzoia inapigania nafasi na shule kama Tartar ya West Pokot na Itigo ya Nandi. Ya Bungoma inagombana na Butere na wenzake wa Kakamega na Vihiga. Wasichana hawa majirani hawakutani mpaka mashindano ya taifa, na ili wakutane huko ni lazima kila upande uwe umeshaibuka bingwa wa kanda yake. Miaka mingi hilo halitokei. Kizazi kizima cha viungo wa Kitale na Bungoma humaliza Kidato cha Nne bila kupambana katika mechi yenye uzito.

Vilabu havijaziba pengo. Trans Nzoia Falcons, wanaochezea Ndura mjini Kitale, na Bungoma Queens wote wameonekana katika Ligi Kuu ya Wanawake, na wakikutana ni mechi nzuri. Lakini ni timu za wakubwa. Msichana wa miaka 15 anayepewa dakika kumi za mwisho hapati nafasi ya kukosea na kurekebisha.

Wakati huohuo Afrika Mashariki imekuwa ikija mlangoni. FEASSSA ya 2024 ilifanyika Mbale, upande wa pili wa Elgon, na ya Agosti 2025 Kakamega, mwendo mfupi kutoka Bungoma. Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, ulifanyiwa ukarabati kwa ajili ya Madaraka Dei ya Juni 1, 2024. Ndura ipo. Kinachohitajika ni ratiba. Likizo ya Aprili, kikosi cha wasichana wa chini ya miaka 16 kutoka kila moja ya kaunti hizi mbili, mechi mbili Ndura na mbili Kanduyi, kisha waalikwe Mbale na Busia ya Uganda mwaka unaofuata. Matokeo yahesabiwe kwa mfumo wa ligi. Nauli kati ya Kitale na Bungoma si kitu mbele ya gharama ya kambi moja ya taifa, na kocha wa taifa akikaa jukwaani Kanduyi kwa mechi hizo nne ataona viungo ambao ratiba ya sasa inawafikisha kwake kwa bahati tu.