Mahadhi Yasiyo na Picha

Wimbo wa sinema ya Kihindi uliorekodiwa kisha ukaachwa nje ya picha humpa mhakiki kipimo cha haki: husalia mahadhi na maneno tu. Hemant Kumar aliimba wimbo wa namna hiyo kwa ajili ya "Sahib Bibi Aur Ghulam" (1962), nao ukaondolewa. Mahadhi yake hayakupotea, bali yalivikwa maneno mapya ya Kaifi Azmi katika "Anupama" (1966).

Huko Mombasa Juma Bhalo aliyatia mahadhi ya Kihindi maneno ya Kiswahili, mengine yakiwa ya binamu yake, Ahmad Nassir. Wako waziitao nyimbo hizo uigaji mtupu. Hukumu hiyo haitoshi, maana watungaji wa Bombay wenyewe waliyatenga mahadhi na maneno. Lawama ya haki iko penye lugha: mkazo wa neno, ambao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ukihamishwa ili kufuata mahadhi, maana hufifia. Msikilizaji wa Usangi, milimani Upare, asiyejua Kihindi wala kuiona picha, huvutwa na mahadhi. Kimkalishacho ni shairi. Likilegea, mahadhi ya kuazima hayaliokoi.