Mshairi Nyuma ya Sauti

Msomaji, wimbo mzuri aghalabu huwa na watu wawili, lakini husifiwa mmoja. Mwimbaji hujulikana kwa sauti yake, naye mtungaji hukaa nyuma ya pazia. Nataka tuitazame kazi ya mtungaji mmoja wa Mombasa, nawe upime mwenyewe kama shairi hupungukiwa na heshima litokapo kitabuni kwenda kuimbwa.

Ahmad Nassir Juma Bhalo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1936, katika ukoo uliojaliwa vipawa vya lugha. Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, ni nduguye. Mwaka wa 1966 mashairi ya Ahmad Nassir yalichapishwa Marekani, pamoja na tafsiri ya Lyndon Harries. Mwaka wa 1971 ikatoka diwani yake, Malenga wa Mvita, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Na mwaka wa 1979 ukachapishwa Utenzi wa Mtu ni Utu.

Lakini wengi waliokuwa hawajapata kufungua vitabu hivyo walikuwa wakiyajua maneno yake kwa moyo. Jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa taarab, na tungo nyingi alizoziimba zilikuwa za Ahmad Nassir. Tena mahadhi mengi ya mwimbaji huyo yalifuata nyimbo za filamu za Kihindi, ambazo watu wa pwani walizipenda sana.

Hapa ndipo pana shabaha ya maneno yangu. Wako waliosema kwamba mahadhi ya kuazima huharibu ushairi wetu. Tuyapime madai hayo kwa haki. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Wimbo wa filamu haukukatwa kwa kipimo hicho. Anayetia maneno ya Kiswahili ndani yake ni kama fundi aliyepewa kanzu iliyokwisha kushonwa, akaambiwa atafute mwili wa kuivaa. Fundi dhaifu hujaza matambara, yaani maneno matupu ya kutimiza mizani. Fundi hodari hupata mwili unaoenea, hata mtazamaji akadhani kanzu ilishonewa mwili huo tangu mwanzo.

Wala jambo hili si aibu ya Mombasa peke yake. Huko Kerala, Bara Hindi, Vayalar Ramavarma, aliyeishi tangu 1928 hata 1975, alikuwa mshairi wa vitabu na mtunzi wa nyimbo za filamu kwa lugha ya Kimalayalam. Watu wake hawakumwambia achague moja na kuacha jingine. Kwa nini sisi tumdai hivyo mtungaji wetu?

Sisemi kwamba kazi ya Ahmad Nassir haina ila. Utenzi wake unafundisha kuwa mtu hawi mtu kwa umbo bali kwa utu, nalo ni fundisho zito. Hata mwanachuo Kai Kresse alilichambua katika kitabu chake cha mwaka wa 2007 juu ya falsafa ya Mombasa. Lakini mawaidha yakifuatana ubeti baada ya ubeti huweza kumchosha msikilizaji. Wimbo haumpi mtungaji nafasi hiyo. Beti zake ni chache, na wasikilizaji wa arusini hawakuja kuhutubiwa. Hapana budi fundisho lijifiche katika fumbo, kila mmoja alichukue kwa kadiri ya jeraha lake. Kwa hiyo naona mahadhi hayakumwonea mshairi. Yalimkaza, na kukazwa huko kuna faida.

Ikiwa wewe wasoma katika shule ya Karen au kwingineko bara, huenda Kimvita kikakupa taabu mwanzoni. Utakuta mato mahali pa macho, na kitwa mahali pa kichwa. Usidhani hayo ni makosa ya chapa. Ni lafudhi ya mji uliotunga mashairi kwa karne nyingi kabla ya Kiswahili sanifu kuwekewa kanuni. Ukibadili herufi hizo ili zikupendeze, waweza kuvunja kina, na ukivunja kina umevunja nyumba.

Basi chukua ubeti mmoja wa Malenga wa Mvita. Usome kimya, kisha usome kwa sauti, kisha ujaribu kuuimba. Ukiona maana inazidi kukufungukia kila mara, umepata jibu. Ukiona sauti ndiyo inayoubeba ubeti, nao peke yake hausimami, sema hivyo bila hofu. Mshairi wa kweli haogopi kupimwa kwa mizani zote mbili.