Toa Kwanza, Mzee

Mgonjwa wa mapafu akishikwa na pumzi hupigania hewa iingie. Mabega yanapanda, shingo inakakamaa, kinywa kinabaki wazi. Mfiziotherapia mzoefu humtazama kidogo, kisha humpa agizo linalokaribia mzaha: "Usivute, mzee. Toa kwanza."

Agizo hilo lina maana kubwa. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaotokana na sigara, moshi wa kuni au vumbi la kazini, vijia vidogo vya hewa hujifunga kabla mapafu hayajamaliza kutoa. Hewa iliyotumika hunaswa ndani. Kifua kinajaa, kiwambo kinasukumwa chini mpaka kinakuwa bapa, na pumzi mpya inakosa nafasi.

Dawa iko midomoni. Vuta puani kwa hesabu ya mbili, kisha bana midomo kama anayepoza chai, utoe taratibu kwa hesabu ya nne. Ule mwanya mwembamba huizuia hewa isitoke kwa kishindo, na shinikizo linalobaki nyuma yake huvishikilia vijia wazi. Kasi ya kuhema inashuka.

Kueleza ni dakika moja. Kufundisha ndiyo kazi, maana mwenye hofu hasikii hesabu. Huyu anafura mashavu. Yule anapuliza kwa nguvu mpaka kizunguzungu. Mwalimu humkalisha mgonjwa ameinama mbele kidogo, mikono imeegemea mapaja ili mabega yapumzike. Halafu hupumua naye. Huanza na mwendo uleule wa mgonjwa, wa mbiombio, kisha huupunguza kidogo kidogo, na mwenzake anafuata bila kuambiwa. Sijui ufundi mwingine wa hospitalini unaotumia vifaa vichache namna hii.

Baada ya kiti, ngazi. Toa unapopanda, toa unaponyanyua ndoo, toa unapoinuka, usibane pumzi. Zoezi lisilofika jikoni na bafuni ni nusu ya kazi.

Fundi mzuri hujua pia la kuacha. Kupumua kwa tumbo husifiwa kila mahali, lakini mgonjwa ambaye kifua chake kimejaa hewa kupita kiasi huweza kuchoka zaidi kwa kulazimishwa. Mwenye makohozi naye hafundishwi kukohoa kwa nguvu: huambiwa aache koo wazi na kusukuma hewa kwa "haa" fupi, makohozi yapande, ndipo akohoe.

Mjini Kampala, watafiti waliwajaribu watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu. Waliwapa mazoezi na mafunzo mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6. Matokeo, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kuwa walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Miguu ilifanyishwa kazi, si kifua peke yake. Pumzi nzuri bila mwendo haimfikishi mtu mbali.

Kovu la pafu halifutiki kwa mazoezi haya, na dawa ya kuvuta isiachwe kwa sababu yake. Lakini kama nyumbani kwenu kuna anayepumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni, ulizeni idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Mwambieni daktari mnataka mazoezi ya mapafu, si vidonge tu.